Kiwanda Hakijafa, Geti Ndilo Limefungwa

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Kukhu Khasoa, nyanya yangu na mke wangu wa kwanza,

Mulembe. Kabla hujauliza nitakujibu: ninakula, ninalala, meno yangu yote yapo, na sijaoa nyuma ya mgongo wako. Wewe je, lile goti la kushoto bado linakusumbuanga asubuhi? Na yule jogoo mweupe, mmemchinja au bado anamfukuza katekista? Najua macho yako hayataki karatasi, ndiyo maana barua hii inapitia kwa Nanjala. Nanjala, dada yangu, soma pole pole, mgeuzie Kukhu kila neno kwa Kikabras, na usiongeze yako. Nikirudi nitamuuliza alisikia nini. Halafu huko katikati kuna mahali pa busaa, ile pombe yako ya chungu. Ukifika hapo angalia kwanza Baba yuko wapi.

Sasa keti vizuri, Kukhu, uninyooshee hiyo miguu, kwa sababu nimeshinda. Mwezi uliopita Baba aliwasomea barua yangu kwamba huenda nikarudi nyumbani na sanduku, chumba ninachofanyia kazi kinafungwa. Nasikia alikuwa ameshanitafutia panga la kukata miwa. Mwambie alirudishe darini. Sirudi. Na sababu ya kutorudi ni wewe.

Nieleze kwa mpangilio. Unajua kazi yangu ni kuosha vyombo katika kituo cha utafiti, chupa na mirija ya kioo, tena ninaosha mpaka inalia. Chumba changu ni cha Daktari Moraa. Ni mama wa Kisii, mfupi, anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Alisoma ng'ambo miaka mingi, akarudi na kichupa kimoja ndani ya barafu, na miaka mitatu sasa maisha yake yote yamekuwa ndani ya hicho kichupa.

Kilikuwa na nini? Ngoja. Ndani ya mwili wako kuna seli, vijumba vidogo hata ukivaa miwani mbili huvioni. Kila seli ni kama kiwanda cha sukari. Wewe umekaa Kabras tangu kuzaliwa, hilo sihitaji kukufundisha: miwa inaingia upande huu, sukari inatoka upande ule. Seli haitoi sukari, inatoa protini, na protini ndizo nyama yako, damu yako, kucha zako, na huo ulimi unaonitukana. Sasa pale getini kuna nani? Kuna karani wa mizani. Mtu mdogo, amekalia kiti kilichovunjika, lakini akiamua kufunga geti, trekta zinapanga foleni mpaka sokoni na kiwanda kizima kinanyamaza. Mashine ziko sawa. Moto upo. Geti ndilo limefungwa.

Daktari Moraa anachunguza karani huyo. Kila mtu amezaliwa na maagizo ya kumtengeneza karani wake, yameandikwa ndani ya seli, na maagizo ya namna hiyo huitwa jeni. Hii ya karani, ndiyo iliyokuja ndani ya kile kichupa, inaitwa PKR. Wewe unayo, mimi ninayo, hata mwalimu mkuu aliyenifukuza kidato cha pili anayo. Kazi yake ni hivi: kuna vidudu vidogo kabisa vya homa, virusi, ambavyo havina kiwanda chao. Kirusi kikiingia kwenye seli kinakuja na miwa ya wizi, kinataka isagwe na mashine zetu. Karani akikitambua anafunga geti. Hakuna kusaga kwa mtu yeyote, na mwizi anabaki na miwa yake barabarani mpaka ikauke.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza Daktari mwenyewe siku moja nikiosha chupa. Akasimama.

"Lumbasi, nani amekufundisha hayo?"

"Si ni wewe, Daktari. Mimi nimepunguza maneno tu."

Tangu siku hiyo akawa ananieleza mambo hata bila mimi kuuliza. Nadhani alichoka kuwaeleza watu wanaotingisha kichwa tu.

Karani huwezi kumchezea ndani ya mtu mzima, utamuua huyo mtu. Kwa hivyo wanachukua hamira. Ndiyo, Kukhu, jamii ile ile inayochemsha chungu chako bila moto. Wanaingiza jeni ya mtu ndani ya hamira, na usiogope, haianzi kuongea. Halafu kuna ujanja wa sukari. Ukiilisha hiyo hamira glukosi, ile ya kopo la wagonjwa, karani hatengenezwi, geti liko wazi, hamira inazaana. Ukiilisha sukari nyingine inayotokana na maziwa, karani anatengenezwa, anafunga geti, hamira inasimama. Yote hayo yanafanyika kwenye visahani vya plastiki vyenye chakula kilichoganda kama uji wa jana. Hamira ikikua unaona vidoti vyeupe. Isipokua, unaona uji mtupu.

Kwenye sukari ya maziwa visahani vilikaa vitupu, kama alivyotaka. Lakini hapo hujajua kitu. Kiwanda kilichonyamaza huenda kimefungwa geti, na huenda kimeungua. Ili kujua lazima ufungue geti uone. Daktari akairudisha hamira kwenye glukosi, akangoja siku mbili kama kitabu chake kinavyosema. Vitupu. Akarudia upya kutoka mwanzo. Vitupu. Mara ya tatu akavipanga juu ya meza akavitazama kwa muda mrefu, kama vile vingeona haya na kuota.

Na wakubwa wa kituo walikuwa wamempa mpaka mwisho wa mwezi. Aonyeshe kwamba jeni yake inafunga na kufungua, la sivyo chumba wapewe watu wa kupe za ng'ombe, ambao walishakuja kupima kuta kwa futi. Chumba kikienda, mimi ninayeosha vyombo vyake ningeondoka pamoja na maji machafu.

"Hiyo ni sumu, Daktari," akasema Bwana Kimani. Huyo ndiye fundi mkuu, mtu wa Murang'a, shingo yake haigeuki, anageuka mwili mzima. "Jeni ya binadamu imeua hamira. Andika hivyo, tufunge, twende nyumbani."

Daktari alivua glavu akazilaza mezani, moja kando ya nyingine.

"Lumbasi," akasema, "chemsha vyote leo. Sitaki kuviona kesho."

Ujue sheria ya pale. Kitu chochote chenye jeni ya mtu hakitupwi hivi hivi. Kinachemshwa siku hiyo hiyo ndani ya pipa la mvuke lenye kifuniko cha skrubu, ndipo kitupwe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, hata kabla ya kuonyeshwa choo. Nikavibeba visahani. Nikafungua pipa. Mkono ukakataa.

Nanjala, hapa ndipo pa busaa. Baba yuko wapi?

Kukhu, unakumbuka ile busaa ya watu wa kupalilia, mimi nikiwa darasa la tano? Vyungu viwili vilinyamaza. Siku ya pili ukiweka sikio hakuna kitu, hata povu hakuna. Mimi kwa akili yangu nikaona cha kwanza kimekufa, nikakimwagia nguruwe. Ulinikimbiza na mwiko wa obusuma, ule wa kusongea ugali, kutoka jikoni mpaka kwenye mpaka wa shamba, na kila ukinifikia unauliza, "Nani amekwambia imekufa? Imekwambia yenyewe?" Halafu ukarudi, ukakifunika kile cha pili kwa blanketi yako mwenyewe, ukakisogeza karibu na mafiga, ukakataza mtu asikifungue. Wewe ulilala na leso tu wiki hiyo. Siku ya tano kikaanza kuongea, na watu wa kupalilia wakaimba mpaka chifu akatuma askari, na askari naye akakaa. Nilikuuliza ulijuaje. Ulisema kitu kilichoshikwa na baridi na njaa hakiwezi kuamka siku moja na kile kilichokuwa kinacheza.

Basi mbele ya lile pipa nilisikia mwiko wako mgongoni, naapa. Nikafunga kifuniko bila kuweka kitu ndani.

Visahani nikavifunga kwa sweta yangu ya shule, ile ya kijani niliyoondoka nayo bila wao kujua, nikaviweka kwenye rafu iliyo juu ya pipa. Pale joto linapanda polepole mchana kutwa, haliunguzi, ni joto la mafiga hasa. Daktari ana kabati la joto la kisasa lenye taa nyekundu, lakini mlango wake haushiki sawasawa tangu masika, na mimi ndiye niliyekuwa ninaufunga kwa kamba ya viatu. Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Sikumwambia mtu. Ukiniuliza kama niliogopa nitasema hapana, na Nanjala ajue ni uongo.

Siku ya tano ilikuwa Jumatatu. Bwana Kimani alikuwa anatafuta ndoo, akapata sweta.

"Lumbasi."

"Naam, Bwana Kimani."

"Sweta yako imezaa visahani."

"Kulikuwa na baridi, nikaona vijifunike."

"Unajua maana ya kutochemsha?"

"Najua."

"Hujui. Maana yake ni barua, na baada ya barua ni barabara." Akakamata sweta kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa, akaenda nayo kwa Daktari. Mimi nyuma.

Daktari alikuwa anapanga vitabu vyake ndani ya katoni. Nilipoona hiyo katoni nikajua hata yeye ameshakata tamaa.

"Huyu kijana wako," Kimani akasema, "ameweka taka za jeni kwenye rafu siku tano. Ndani ya nguo."

Daktari alinitazama mimi, halafu sweta. "Kwa nini?"

"Sikuona kama zimekufa, Daktari."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Lumbasi, leo si siku ya kunichezea."

"Sichezi. Fungua tu, kisha unifukuze."

Akafungua. Kukhu, vilikuwapo. Vidoti vyeupe, vidogo kama unga wa mahindi uliomwagika mezani, kwenye kila kisahani. Nilikuwa nasikia bomba linadondoka kwenye sinki langu.

"Uchafu huo," akasema Kimani. "Umetoka kwa mikono yake. Hawa watu wanaishi na busaa."

"Uchafu una nywele, Bwana Kimani, na una rangi," nikamwambia. "Tena uchafu haujipangi kwa mstari."

Kwa sababu Daktari alipoweka hamira alikuwa ameipaka kwa mstari wa kwenda na kurudi, na vidoti vilifuata mstari ule ule, kona kwa kona, kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Daktari aliinamia kisahani mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kifuniko. Nikaongeza kwamba nimezinusa na zina harufu ya mkate. Akaniambia bila kuinua kichwa nisiwahi kunusa kitu chochote tena katika chumba chake.

Kisha akavuta kiti akakaa. Alisema inaweza kuwa hamira yetu, lakini iliyompoteza karani. Hutokea. Nyingine zinaharibu jeni na kukua zinavyotaka, na hizo hazina faida, zinaonyesha tu kwamba geti limeng'olewa. "Tutazirudisha kwenye sukari ya maziwa," akasema. "Kama ni uchafu, zitakua. Kama zimempoteza karani, zitakua. Kama ni zetu na karani yumo, zitasimama tena. Baadaye tuzipe glukosi, tungoje siku tano." Akanigeukia. "Zikikua kwenye maziwa, mimi na wewe tunatoka hapa mwezi huu. Wewe utatangulia, kwa sababu ya hii sweta."

Nikasema sawa. Nilisema kama mtu mzima, lakini nilikuwa nimeshika meza.

"Visahani nitaviandika namba mimi," akasema Bwana Kimani. "Vitatu vya hii hamira ya sweta, vitatu vya hamira ya kawaida isiyo na jeni. Orodha itakaa mfukoni mwangu. Huyu asikaribie kabati nisipokuwapo."

Daktari akakubali. Mimi pia nilikubali, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Kukhu, nimeomba mambo mengi maishani. Nimeomba viatu, nimeomba mwalimu wa hesabu augue. Lakini sijawahi kuomba kitu kisiote. Huko kwetu kila mtu anapiga magoti mahindi yaote, na mimi siku tatu nzima ninamwambia Mungu, hapo kwenye maziwa, tafadhali, pasiote kitu. Niliosha chupa ambazo zilikuwa safi. Nilifunga kamba ya mlango wa kabati asubuhi na jioni, Kimani amesimama nyuma yangu akihesabu mafundo.

Alhamisi akafungua. Visahani vitatu vilikuwa vimejaa vidoti kama mtoto mwenye surua. Vitatu vilikuwa vitupu, unaona mpaka chini. Akatoa orodha mfukoni, akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Hizi zilizojaa ni zile za kawaida," akasema.

"Na hizi tupu?" Daktari akauliza.

Bwana Kimani alikunja karatasi mara mbili kabla ya kujibu. "Hizi ni za sweta."

Hapo nilitaka kuruka, lakini Daktari aliinua mkono. Ilikuwa nusu ya safari tu. Zimesimama, vizuri. Je, zitaamka tena? Akazipaka kwenye glukosi, mstari wa kwenda na kurudi. Halafu, badala ya kuelekea kwenye kabati lake la taa nyekundu, akabaki amesimama na visahani mkononi.

"Lumbasi, ile rafu yako ni ipi?"

Nikampeleka mwenyewe. Nikampa na sweta. Bwana Kimani akaleta kiti, akakaa chini ya rafu, na kuanzia siku hiyo akawa anakula githeri yake hapo hapo, jicho moja kwangu na jingine juu. Jumamosi alikuja ingawa si siku yake. Jumapili usiku sijui alilala wapi, lakini Jumatatu kiti kilikuwa na joto.

Siku ya pili, vitupu. Siku ya tatu, vitupu. Daktari akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia Kukhu hakufungua blanketi siku ya tatu. Siku ya nne Kimani aliviinua dhidi ya dirisha, akavirudisha. Siku ya tano ikawa Jumanne. Daktari alifungua sweta kwa mikono yake, mkono huu, mkono ule, kama anamvua mtoto.

Vidoti. Kwa mstari.

"Basi haikuwa sumu," Bwana Kimani akasema.

"Ilikuwa geti," nikasema.

"Nimesikia."

Daktari alikwenda kwenye katoni yake akaanza kutoa vitabu, kimoja kimoja. Nikawa ninavipokea na kuvirudisha kwenye rafu, vingine kichwa chini, na hakunikemea. Alipomaliza ndipo alinieleza kosa lilikuwa wapi. Kitabu chake kilihesabu siku za hamira ambayo haijawahi kufungiwa. Kiwanda kilichosimama, ukifungua geti leo, sukari haitoki leo. Bwela lazima lipate moto, minyororo ipakwe grisi, wafanyakazi waitwe kutoka majumbani. Na kabati lake lenye mlango wa kamba lilikuwa linaipiga hamira baridi juu ya njaa. Yeye aliyasema kwa maneno ya kisomi, lakini miwa na bwela ni vyangu, usidanganywe.

Mwisho wa mwezi wakubwa walikuja, watatu, wenye tai. Daktari akawaonyesha: hapa geti limefungwa, hapa limefunguliwa, hapa limefungwa tena, hapa limefunguliwa tena, jeni ile ile. Walipinda midomo kama wanunuzi wa ng'ombe, lakini niliona wamependa. Mmoja akauliza, "Nani aliamua kungoja siku tano?"

Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya sinki. Kukhu, angeweza kusema ni yeye. Nani angebisha? Kimani asingebisha, na mimi ningeosha chupa. Lakini alisema, "Ni huyu. Lumbasi, njoo uwaeleze."

Nikatoka na glavu zangu zinadondosha maji. Nikawaeleza kwa Kiswahili, chungu, blanketi, mafiga, na mwiko pia. Sikupunguza kitu. Mzee mmoja wao mwenye mvi akanikazia macho.

"Na huyo bibi yako alisomea wapi?"

"Jikoni, mheshimiwa."

Nilidhani nimejimaliza. Akatazama wenzake, akatazama visahani, akasema polepole, "Hata mama yangu alikuwa anafunika." Wakaandika kitu kwenye makaratasi yao. Chumba kimebaki cha Daktari Moraa. Watu wa kupe wamerudi kwenye ukumbi wao na futi yao.

Usifikiri nilisamehewa. Barua ya onyo nimepewa, imepigwa taipu na ina muhuri, inasema nimevunja kanuni ya kuchemsha, na aliyeileta ni Daktari mwenyewe, uso mkavu. "Ukirudia hata mara moja, unaenda," akasema, "hata kama hamira itafufuka na kuimba." Nimeibandika ukutani hapa Kangemi. Tangu cheti cha ubatizo sijapata karatasi yenye muhuri na jina langu pamoja. Bahasha ya pili ilikuwa na mambo mengine: kuanzia wiki ijayo siko kwa sinki peke yake. Nitapika chakula cha visahani na kuvimimina, na nimepewa koti jeupe. Mikono ni mirefu, inafika vidoleni, lakini ni jeupe, Kukhu, kama la bwana harusi. Kimani sasa haniiti "kijana wa ingokho", kana kwamba kwetu tunakula kuku tu. Jana aliniuliza joto la rafu yangu ni digrii ngapi. Nikamwambia ni blanketi moja ya Kukhu. Alileta kipimajoto.

Msalimie Mama, mwambie koti nitamletea alifue mara moja tu, kisha nirudi nalo. Msalimie Baba, mzee wa kanisa, na umweleze habari ya ushindi bila chungu ndani yake. Mwambie tu ni maombi, si uongo mtupu. Msalimie mjomba Wanjala mpakia miwa, mwambie kiwanda chake nimekipeleka mbele ya wenye tai. Nanjala ajisalimie mwenyewe, na akipita kwa mwalimu mkuu ampe salamu zangu kwa sauti, mbele ya wanafunzi.

Limebaki moja, na hili nataka ruhusa yako.

Ile hamira iliyolala mara mbili ikaamka mara mbili inawekwa ndani ya friji kali kuliko zote, mahali ambapo inaweza kukaa miaka na miaka bila kuzeeka. Lazima iandikwe jina kwenye daftari, kwa sababu watu wa vituo vingine, hata wa ng'ambo, watakuja kuiomba kwa jina hilo. Daktari alisema tuiite Khasoa. Nikakataa.

"Si ndiye bibi yako?"

"Ndiye, na yuko hai. Kwetu jina haligawiwi wakati mwenyewe bado analitumia."

Hakushangaa sana, hata kwao ni hivyo. "Basi sema wewe," akaniambia.

Nikasema Mutoro.

Sasa usiweke mikono kiunoni. Nisikilize. Tangu Kuka Mutoro, babu yangu, afariki, nyumba yetu haijapata mtoto wa kiume wa kulipokea jina lake. Mimi nilimkuta hai, kwa hivyo nikapewa Lumbasi. Baadaye wamezaliwa wasichana tu, wazuri, sina neno nao. Na wewe mwenyewe uliniambia, siku ninaondoka, kwamba anakujia ndotoni amekaa mlangoni, hasemi kitu, anangoja kuitwa. Mimi sina mtoto na sina haraka. Najua hamira si mtu, haina hata macho. Lakini itakuwa inazaana kila wiki, na kila anayeichukua atasema Mutoro, na atakayekuja baada yake atasema Mutoro. Na wewe ulimjua mume wako. Alikuwa analala kando ya chungu tangu Jumamosi mpaka watu wanaanza kunong'ona habari za jeneza, halafu Jumatatu anaketi na kuuliza chai iko wapi. Niambie kama nimekosea.

Kwenye daftari nimeandika kwa penseli. Ukikubali, Nanjala aniandikie neno moja tu, nipitishe wino. Ukikataa nitafuta, tutaipa namba. Ila fanya haraka kidogo, kwa sababu jana asubuhi nilimkuta Bwana Kimani peke yake mbele ya friji, mlango wazi, baridi inammwagikia miguuni. Hakujua nimeingia. Alikuwa anasema, "Mzee Mutoro, umelalaje?"

Ni mimi, mume wako mdogo mwenye koti jeupe,
Lumbasi